Nyuzi Thelathini na Nane Langoni

Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, Moipone alisimamisha cherehani yake ili redio isikike. Ilikuwa hivyo tangu Machi, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Binti yake Kelebone, mwenye miaka kumi na miwili, aliketi mezani na daftari la hesabu. Mama mkwe wa Moipone, Bibi Mamokete, aliota jua nje ukutani, blanketi limemfunika hadi kidevuni. Mwalimu wa redioni naye akaanza kusema mbio mbio, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Kipindi kilichukua nusu saa. Kikiisha, Moipone alirudi kwenye barakoa alizokuwa akishona siku hizo badala ya sare za shule, na Kelebone akabaki anaitazama redio.

"Umeelewa?" mama yake aliuliza asubuhi moja.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nimeelewa pale alipotusalimia."

Moipone hakucheka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita, na kitambaa alikikata kwa jicho. Asilimia na uwiano vilikuwa mambo ya watu wengine.

Mwanzoni mwa Juni barua ya shule ilifika. Darasa la saba, darasa la Kelebone, walitakiwa kurudi Jumatatu, madarasa mengine yangefuata baadaye, na wazazi waliitwa mkutanoni kwanza. Pale Qwaqwa, mji wao wa milimani, watu walikuwa hawajakutana zaidi ya kumi tangu mikusanyiko ikatazwe, kwa hiyo hata waliokuwa hawana mtoto wa darasa la saba walikuja. Viti vilipangwa uani, kila kimoja mbali na mwenzake, na baridi ilikuwa ile ya kuuma masikio.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Motaung, alieleza habari za sabuni, matangi ya maji na kipimajoto langoni. Moipone alimwacha amalize, kisha akasimama.

"Mwalimu, nyumbani kwangu kuna mzee mwenye pumu na sukari. Mtoto akituletea huo ugonjwa kutoka hapa kwako, utaniandikia barua nyingine?"

Wazazi walipiga makofi. Mwalimu Motaung alivua miwani iliyojaa ukungu wa barakoa, akaifuta taratibu.

"Mama Kelebone, siwezi kuahidi kwamba hakuna hatari. Naahidi maji, sabuni na nafasi. Na wewe niahidi kitu kimoja. Niambie ukweli wa nyumbani kwako. Nikiujua, nitawalinda watoto. Nisipoujua, nabahatisha tu."

"Ukweli wa nyumbani kwangu ndio huo niliokuambia," Moipone alisema, akaketi. Fomu ilipomfikia, alitia alama mahali palipoandikwa kwamba mtoto atabaki nyumbani.

Jirani yake Disebo, aliyeketi nyuma yake, alitia alama upande wa pili. Disebo alikuwa akifanya usafi katika hoteli ya wageni wa milimani, na hoteli ilifungwa siku ile ile shule zilipofungwa. Njiani kurudi Moipone alimuuliza kama hamwonei huruma mwanawe Pheello.

"Namwonea sana," Disebo alisema. "Ila shuleni kuna kande saa nne kila siku. Hatari zote mbili zipo kwangu, dada. Ya korona naisikia redioni. Ya njaa naijua kwa sura."

Moipone alikaza blanketi mabegani. Alijiambia kwamba kila mtu na mzigo wake.

Zikapita wiki mbili. Kila siku mchana Pheello alipita kwenye ua wa seng'enge akitoka shule, barakoa imeshuka kidevuni, naye hakuwahi kupita kimya.

"Mwanafunzi wa redio, leo mwalimu wako amesahihisha daftari?"

"Pandisha barakoa yako, pua hiyo inatisha watu," Kelebone alimjibu.

Lakini siku moja Moipone aliinua kichwa dirishani akaona jambo lingine. Pheello alikuwa amesimama barabarani, Kelebone ndani ya ua, hatua nne katikati yao. Mvulana alikuwa akipaza sauti, akieleza namna ya kutafuta asilimia kumi na tano ya mia mbili, na Kelebone akiandika daftari likiwa juu ya goti. Alikuwa ni Kelebone huyu huyu aliyekuwa akimfundisha Pheello tangu darasa la tatu, hata Disebo akawa anamletea viazi vitamu vya shukrani. Kelebone alipokosea, Pheello alimcheka, na safari hii Kelebone hakurudisha neno. Aliinamisha kichwa akafuta.

Moipone aliumia kuliko alivyotegemea. Alitoka nje akaketi karibu na Bibi Mamokete, ambaye naye alikuwa amesikia yote.

"Moipone, mwanangu, unaogopa nini hasa?"

"Naogopa kukuzika, mama."

"Utanizika tu. Sikuumbwa kwa chuma. Lakini usinifanye mimi kisingizio cha mtoto huyu kurudi nyuma. Asipomaliza la saba atakuja kukaa kwenye cherehani ya pili hapo ndani."

"Kushona si aibu."

"Si aibu. Basi aichague mwenyewe, asichaguliwe na redio."

Moipone alitoa masharti yake jioni ile, kabla ugali haujapoa. Barakoa iwe na tabaka tatu. Viatu viachwe nje ya mlango. Sare ifuliwe kila siku, ikauke isikauke. Na kila asubuhi, kabla ya jua, Kelebone afukizwe kwa lengana.

Sharti hilo la mwisho halikumshangaza mtu. Majani ya lengana, yale ya kijivu machungu yanayoota kando ya njia mlimani, yalikuwa yakichemka katika kila nyumba mwaka ule. Ukipita mtaani alfajiri ulisikia harufu yake zaidi ya harufu ya moshi. Wazee waliyatumia kwa mafua tangu zamani, na korona ilipoingia watu wakasema, basi, kama yaliyaweza mafua, yataiweza na korona. Moipone aliamini. Alihitaji kuwa na kitu cha kuamini ambacho angekifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Fomu ya afya ya kurudi shuleni ilikuwa na maswali saba. La sita liliuliza: mtoto amepewa dawa au tiba yoyote nyumbani? Moipone aliandika: Hapana.

Kelebone aliyekuwa akichungulia begani pake akauliza, "Na lengana, mama?"

"Lengana ni majani."

"Lakini tunayatumia kama dawa."

"Sikiliza. Walimu wale wakijua watatuona washamba, watuhutubie mpaka kesho. Ya nyumbani hubaki nyumbani. Ukiulizwa, sema hapana. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Siku saba za shule zilipita salama. Saa kumi na moja alfajiri Kelebone aliinama juu ya sufuria chini ya blanketi zito, akatoka jasho, akaoga, akala uji, na saa mbili kasorobo alikuwa langoni ameshapoa. Kipimajoto kilimsoma nyuzi thelathini na sita na kitu. Alirudi mchana akieleza asilimia hadi Bibi Mamokete akaomba apumzishwe.

Siku ya nane, Jumanne, umeme ulikatika usiku na haukurudi hadi saa moja asubuhi. Moipone aliweka sufuria kwenye jiko la umeme mara tu taa ilipowaka, maana jiko la makaa la sebuleni lilikuwa la kupasha nyumba joto tu.

"Mama, leo tuache," Kelebone alisema. "Nitachelewa."

"Leo tukiacha ndiyo leo utaupata. Mimi naijua bahati yangu."

Walimaliza saa moja na nusu imepita. Uso wa mtoto ulikuwa mwekundu, jasho likimtiririka shingoni, na hapakuwa na muda wa kuoga. Moipone alimfuta kwa taulo. Kwa kuogopa baridi ya nje impige akiwa na jasho, alimvalisha kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akamfunga blanketi juu ya koti, akamwambia akimbie. Shule ilikuwa mtaa wa pili tu. Kelebone alikimbia.

Simu ililia saa mbili na dakika kumi.

"Mama Kelebone," ilikuwa sauti ya Mwalimu Motaung, nyembamba kuliko kawaida yake. "Njoo shuleni. Mtoto ana joto."

Moipone aliacha barakoa chini ya sindano. Njiani alipishana na watoto wa darasa la saba wakirudi makwao kwa makundi, mikoba mgongoni, wengine wakimkwepa upande wa pili wa barabara. Pheello alikuwa miongoni mwao, na kwa mara ya kwanza alipita kimya.

Langoni wazazi watano au sita walikuwa wameshakusanyika. Mwalimu Motaung alisimama ndani ya lango, kipimajoto bado mkononi.

"Thelathini na nane nukta nne," alisema. "Nimemuuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nimemuuliza kama amepewa chochote nyumbani, akasema hapana. Sikuweza kubahatisha, mama. Nimewarudisha wote. Nesi wa zahanati anakuja Alhamisi. Akisema apimwe, majibu yanachukua wiki, wakati mwingine mbili. Mpaka hapo darasa la saba litafungwa."

Hofu yote ya miezi mitatu ilimtoka Moipone kwa sauti.

"Nilisema au sikusema? Mbele ya watu wote hapa uani, nilisema au sikusema?"

"Ulisema," mwalimu alikiri.

"Mkanipigia makofi, kisha mkafungua. Haya, mzee wangu akifa, nije nimlaze hapa ofisini kwako?"

Wazazi walitazama chini. Mama mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba Mama Kelebone ana haki.

Kelebone alikuwa ameketi peke yake chini ya upenu wa stoo, kofia mapajani. Mama yake alimshika mkono, akauachia, akaona haya, akaushika tena. Kisha akaichukua ile kofia ili amvalishe. Ilikuwa imelowa jasho, na ilinuka lengana tupu.

Hapo Moipone alijua. Alijua kama mpishi anavyojua sufuria imeungua kabla hajaifunua. Lakini wazazi walikuwa wakimtazama kwa huruma na heshima, maneno yake makali yalikuwa bado hewani, na hakuona pa kuyarudishia. Alimfunika mtoto blanketi, wakaondoka.

Nyumbani Bibi Mamokete alikuwa ameshasikia, maana habari hukimbia kuliko miguu. Alihamia mwenyewe chumba cha nyuma, kile cha mabati kisicho na jiko, akafunga mlango. Kelebone alikalishwa juani mbali na dirisha. Saa nne Moipone alimgusa paji la uso, likawa la kawaida. Alimgusa tena saa tano. Lilikuwa baridi, kama la mtu yeyote anayekaa nje mwezi wa Juni.

"Mama, ni mvuke," Kelebone alisema. "Ulinifukiza, nikavaa kofia, nikakimbia. Mwalimu amepima pale pale chini ya kofia."

"Nyamaza."

"Lakini siumwi."

"Nimesema nyamaza. Nesi atakuja Alhamisi, atakuona mzima, yataisha."

Alirudi kwenye cherehani, lakini mshono ulipinda. Alijiambia kwamba hajasema uongo wowote leo, amenyamaza tu. Alijiambia kwamba shule kufungwa ndiyo haja yake tangu mwanzo, na sasa imefungwa bila yeye kuitia mkono. Mtoto atakuwa nyumbani. Bibi atakuwa salama. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na sura ya kweli, isipokuwa kwamba mkwe wake alikuwa akitetemeka chumba cha mabati kwa ugonjwa usiokuwepo.

Adhuhuri Disebo alifika kwenye seng'enge. Hakusogea karibu.

"Dada, sikuja kukulaumu," alisema. "Mtoto akiumwa ameumwa. Anaendeleaje?"

"Anapumzika."

"Mungu atasaidia." Disebo alitazama viatu vyake. "Pheello amerudi bila kula. Nilikuwa nimehesabu kande ya shule mpaka Ijumaa. Kama una vikombe viwili vya unga, niwekee hapo kwenye nguzo, mimi nitachukua ukiondoka."

Moipone aliingia ndani akapima unga vikombe vinne. Aliuweka kwenye nguzo, akarudi nyuma hatua kadhaa. Disebo aliuchukua, akaupima kwa mkono, akaona umezidi.

"Wewe ni mtu," alisema. "Na siku ile mkutanoni ulisema kweli. Mimi ndiye niliyekubishia njiani."

Akaondoka na unga wake. Moipone alisimama pale pale ameshika nguzo ya ua. Aliposikia kikohozi kidogo cha kusafisha koo nyuma yake, aligeuka. Kelebone alikuwa amesimama.

"Mama, umempa unga," mtoto alisema. "Mbona ile habari hujampa?"

Moipone alifungua mdomo amkemee. Kutoka chumba cha nyuma sauti ya Bibi Mamokete ikapita kwenye mabati.

"Mimi sikusema kitu. Ila swali nimelisikia, na baridi nayo naisikia."

Moipone alivua aproni. Kwanza alifungua mlango wa chumba cha nyuma, akamshika mkwe wake mkono, akamrudisha sebuleni kwenye joto. Kisha akajifunga blanketi akaenda shuleni.

Mwalimu Motaung na walimu wawili walikuwa wakipuliza dawa kwenye madawati. Moipone alisimama mlangoni mwa darasa, akasema yote kwa pumzi moja, kuanzia sufuria hadi kofia, na lile neno "hapana" aliloliandika kwenye fomu na kumlisha mtoto. Mwalimu aliweka chini chupa ya dawa, akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yamempanda kifuani.

"Watoto arobaini, Mama Kelebone."

"Najua."

"Wameondoka hapa hawajala. Kande imeiva, iko jikoni, inapoa."

"Najua, mwalimu."

"Mbona asubuhi hukusema?"

Moipone alifikiri. Angeweza kusema kwamba alikuwa hajajua. "Asubuhi nilikuwa nimeshinda," alisema mwishowe. "Nilisema ugonjwa utakuja, ukaja. Kusema kweli kungenifanya nishindwe mbele ya wote. Nikaona bora mtoto wangu awe mgonjwa."

Akasikia alivyosema, akaanza kulia, kimya, ndani ya barakoa yake ya tabaka tatu. Walimu wale wawili waligeukia dirisha. Mwalimu mkuu hakumfariji wala hakumkaripia. Alichukua simu akampigia nesi.

Nesi Mokhele alifika nyumbani kwao kesho yake mapema, kabla ya kwenda zahanati, akiwa na begi dogo na haraka nyingi. Mwalimu Motaung alikuja naye. Nesi hakuchukua neno la mtu. Alimpima Kelebone joto, likawa thelathini na sita na nusu. Alimsikiliza kifua, akamtazama koo, akamfumbisha macho akamnusisha sabuni na kahawa aone kama bado anasikia harufu, akamwuliza nani amekuja, nani amesafiri, nani amekohoa. Alimpima Bibi Mamokete pia, na mwisho akampima Moipone.

"Huyu mtoto ni mzima," alisema. "Mwalimu, na wewe ulikosea. Aliyekimbia, aliyevaa sufu, unamvua kofia, unamkalisha kivulini dakika kumi, unampima tena. Mara moja haitoshi."

"Niliogopa," Mwalimu Motaung alisema.

"Najua. Hofu huwa haipimi mara mbili." Akamgeukia Moipone. "Na wewe, mama. Lengana naijua, mama yangu alinifukiza nayo hadi nikakimbilia chuo cha unesi. Ukiwa na mafua, harufu yake hufungua pua. Korona haiizuii. Lakini wiki iliyopita nimemfunga bandeji mtoto wa miaka minane aliyemwagikiwa na maji ya sufuria ya mvuke, chini ya blanketi kama lako. Kinachomsaidia huyu ni barakoa, maji na sabuni, dirisha wazi, na ukweli. Nisipoambiwa amepewa nini, namtibu mtu ambaye simjui."

"Nilidhani nalinda nyumba yangu," Moipone alisema.

"Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Bibi Mamokete alikohoa kicheko ndani ya blanketi lake. "Sisi hata maradhi hatukuyaficha, mwanangu. Tulificha uzima, na bado tumeumbuka."

Nesi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Nesi alipofika mlangoni, Moipone alimuuliza afanye nini sasa.

"Kuna wazazi wa watoto arobaini wanaoamini binti yako ana korona," nesi alisema. "Hilo sina dawa yake. Dawa unayo wewe."

Shule ilitangaza darasa la saba warudi Alhamisi. Moipone alimsindikiza Kelebone mwenyewe. Walitembea taratibu, kofia ikiwa mkobani.

"Mama," Kelebone alisema, "kama ningesema pale langoni kwamba nimefukizwa, ungenichapa?"

Moipone angependa kusema hapana.

"Ningekuchapa."

"Na sasa?"

"Sasa nisikilize. Nilikuambia ya nyumbani hubaki nyumbani. Yapo yanayobaki, kama ugomvi wetu na madeni ya watu. Lakini ukiulizwa habari za mwili wako na mwalimu au nesi, sema kweli, hata kama aliyekukataza ni mimi. Ukinitii katika uongo, unaniponza mimi na unawaponza wenzako. Nilikutwisha mzigo usio wako, mwanangu. Nisamehe."

Kelebone alikuwa hajawahi kuombwa msamaha na mtu mzima. Hakujua mtu hujibu nini. Akasema, "Haya, mama," na wakaendelea.

Langoni wazazi walikuwa wengi kuliko kawaida, kila mmoja na mwanawe, na walipomwona Kelebone walirudi nyuma. Moipone alisimama mahali alipoweza kuonwa na wote. Alisema kwamba binti yake haumwi na hakuumwa. Alisema kwamba alimfukiza kwa lengana akamfunga kofia, akaandika uongo kwenye fomu, akamfundisha mtoto aurudie, na alipojua kosa alinyamaza kwa sababu ya kiburi.

"Kwa hiyo, Mama Kelebone, ulimchemsha mtoto ukatuletea langoni," mzee mmoja alisema, na watu wakacheka. Hawakucheka kidogo. Mama mwingine hakucheka, akauliza kwa ukali nani atawalipa watoto siku zao mbili. Moipone alisimama akapokea vyote.

Disebo alikuwa pembeni na Pheello. Alisubiri kicheko kipungue.

"Ulinipa unga ukaninyima neno," alisema. "Neno lingenifaa zaidi. Usiku ule sikulala, nilikuwa nampapasa huyu paji la uso kila saa."

"Naomba radhi, dada."

"Nitakupa. Leo bado." Na Moipone akaona ni haki yake.

Watoto walianza kuingia mmoja mmoja. Mwalimu Motaung alikuwa ameweka benchi kivulini ndani ya lango, na aliyefika akikimbia alikalishwa kwanza, kofia mkononi. Moipone alimsogelea.

"Mwalimu, nisikudanganye tena. Bado naogopa. Yule mzee nyumbani bado ana pumu. Sijaanza kupenda jambo hili."

"Hata mimi naogopa, mama. Mke wangu ana sukari." Alifuta kipimajoto kwa kitambaa. "Kuogopa hakujanipa shida. Shida ni kila mtu akiogopea chumbani kwake amefunga mlango."

Zamu ya Kelebone ilifika. Kipimajoto kililia kidogo: thelathini na sita nukta tatu.

"Unaumwa?" mwalimu aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Kuna chochote nyumbani ninachopaswa kujua?"

Kelebone aligeuka kumtazama mama yake. Wazazi nao waligeuka.

"Usinitazame mimi," Moipone alisema. "Umeulizwa wewe. Jibu."

Mtoto alivuta pumzi. "Bibi amekohoa leo alfajiri mara mbili. Yeye anasema ni moshi wa jiko la makaa."

Moipone alipiga hatua moja mbele, akasimama. Alikuwa hajasikia kikohozi hicho, na palikuwa na watu thelathini wanaomsikiliza binti yake akikitangaza. Wawili au watatu walianza kunong'ona. Mwalimu Motaung alikiandika kwenye daftari lake, bila haraka, kisha akainua kichwa akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Nesi atapita kwa bibi asubuhi hii, amsikilize. Wewe keti benchi la mbele, karibu na dirisha, mpaka atupigie simu. Sikilizeni, wanangu, na nyinyi wazazi. Kipimajoto hiki kinajua joto tu. Hakijui nani amekohoa, nani amefukizwa, nani ameficha. Hayo lazima mtu ayaseme, na leo mtoto huyu ameyasema mbele ya watu waliokuwa wanamcheka mama yake. Nikipata arobaini kama yeye, nitalala."

Kelebone aliingia. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Pheello ikimuuliza kama bado anakumbuka asilimia au zimeyeyuka na mvuke, na sauti ya Kelebone ikimjibu kwamba atajua mtihani ukija.

Saa nne nesi alimsikiliza Bibi Mamokete kifua, mbele na nyuma. Ulikuwa moshi kweli. Moipone alilitengeneza bomba la moshi la jiko siku ile ile, na habari akaipeleka shuleni kwa miguu yake.